Karatasi Inayomfuata Askari Mpaka Kaburini

Askari anapoingia jeshini hula kiapo, na siku anapotoka hupewa karatasi. Kiapo anakijua yeye na Mola wake. Karatasi husomwa na kila mtu. Huisoma mwajiri, huisoma karani wa hospitali, huisoma mkuu wa chuo na mkopeshaji wa benki, na baada ya kufa kwake huisoma msimamizi wa makaburi. Leo katika safu hii tumekusudia kuizungumza karatasi hiyo: nani huiandika, kwa kauli ya nani, na inamfanya nini yule ambaye jina lake limo ndani yake.

Katika Afrika ya Mashariki jambo hili si geni. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani ya Magharibi liliamua kuwalipa askari wazee wa Tanganyika waliobakia hai, wale waliopigana chini ya von Lettow-Vorbeck katika vita vya 1914 hadi 1918 na ambao ujira wao wa mwisho hawakupata kuuona. Ofisi ya muda ikafunguliwa Mwanza. Husimuliwa kwamba walijitokeza wazee wapatao 350, na kwamba ni wachache tu kati yao walioweza kuonyesha cheti walichopewa mwaka 1918. Wengine walikuja na vipande vya sare kuukuu, wengine walikuja mikono mitupu. Mlipaji, kwa mujibu wa masimulizi hayo, alimpa kila mmoja wao ufagio na kumwamrisha kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Hakuna hata mzee mmoja aliyeshindwa. Ikiwa masimulizi haya ni sahihi, basi mikono ya wazee wale ilihifadhi kumbukumbu vizuri zaidi kuliko makabati ya serikali waliyoitumikia.

Lakini si kila mahali pana mlipaji wa namna hiyo. Ipo nchi ambayo wapiganaji wake wa zamani huhesabiwa kwa mamilioni, na ambako ufagio haukubaliwi badala ya cheti. Nchi hiyo ni Marekani. Tumeichagua kwa sababu ndiko mambo haya yalikoandikwa kwa urefu, na aghlabu taarifa zenyewe zimetoka katika kamati za Kongresi na idara za serikali ya huko, wala si maneno ya mahasimu wake.

Kila askari wa Marekani anayemaliza utumishi hupewa fomu iitwayo DD 214, ambayo imekuwa ikitumika tangu mwaka 1950. Ndani yake huandikwa tarehe alizoingia na kutoka, cheo chake, nishani zake, na katika kisanduku kimoja kidogo huandikwa namna alivyoachishwa. Kisanduku hicho ndicho kiini cha habari yetu. Daraja ya kwanza ni kuachishwa kwa heshima. Ya pili huitwa kuachishwa kwa kawaida chini ya masharti ya heshima. Hii ni ya mtu ambaye utumishi wake ulikuwa mzuri lakini una doa. Ya tatu ni kuachishwa kwa namna isiyokuwa ya heshima, ambayo zamani iliitwa kuachishwa kwa asiyetakiwa. Ya nne ni kuachishwa kwa mwenendo mbaya, na ya tano ni kuachishwa kwa fedheha.

Msomaji atadhani kwamba daraja zote hizo zina asili moja, nazo hazina. Mbili za mwisho haziwezi kutolewa ila na mahakama ya kijeshi: kuna mashtaka, kuna mtetezi, kuna ushahidi na hukumu, na ile ya fedheha yenyewe haitolewi ila na mahakama kuu ya kijeshi. Tatu za mwanzo, pamoja na ile ya asiyekuwa na heshima, hutolewa kwa njia ya utawala tu, yaani kwa mafaili na sahihi za makamanda. Hapo ndipo panapotaka kutazamwa kwa makini, kwani hiyo ya tatu humpeleka mtu karibu na pale ilipo ya nne, na hali hakuna mahakama iliyopata kumtia hatiani.

Tutazame sasa kila karatasi inafungua mlango gani. Mwenye cheti cha heshima hupata yote: matibabu, malipo ya ulemavu, dhamana ya mkopo wa nyumba, upendeleo katika ajira za serikali, na masomo ya chuo kwa gharama za taifa. Mwenye cha daraja ya pili hupata karibu yote hayo ila masomo, kwa kuwa sheria ya masomo inadai heshima kamili. Neno moja limepungua katika kisanduku, na kijana ambaye pengine alijiandikisha jeshini kwa ajili ya chuo tu, chuo kimempotea. Mwenye ile ya tatu hana analolipata kwa haki moja kwa moja. Yapasa Idara ya Wapiganaji wa Zamani imchunguze upya, itazame makosa yake, kisha iamue kama utumishi wake ulikuwa wa fedheha au haukuwa. Aliyeachishwa kwa fedheha amefungiwa kabisa, isipokuwa ikithibitika kwamba alipotenda kosa akili yake haikuwa timamu. Fauka ya hayo sheria ya nchi humkataza kumiliki bunduki, na hana nafasi katika makaburi ya taifa.

Hatuna budi kusema kwa insafu kwamba jeshi haliwezi kuendeshwa bila kutofautisha. Askari aliyewaibia wenzake, au aliyemdhulumu mwanamke, au aliyelikimbia lindo na wenziwe wakauawa, hawezi kutoka na karatasi moja na yule aliyesimama mpaka mwisho. Nidhamu ndiyo uti wa mgongo wa jeshi lolote, liwe la wanyonge au la mabeberu. Kwa hiyo hatuna ugomvi na kuwepo kwa daraja. Tunalouliza ni kama mtu alisikilizwa kabla ya jina lake kuandikwa katika daraja fulani, na kama adhabu ya kosa la wiki mbili inafaa ifute deni la miaka mitatu ya utumishi na la jeraha lililopatikana ndani yake.

Historia ya Marekani ina jibu la swali hilo, nalo ni chungu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1906, karibu na saa sita, risasi zilirindima katika mji wa Brownsville, Texas. Mhudumu mmoja wa baa aliuawa na ofisa wa polisi akajeruhiwa. Hapo jirani, katika ngome ya Fort Brown, palikuwa na askari Weusi wa Kikosi cha 25 cha askari wa miguu, ambao walikuwa wamefika majuma machache tu kabla na ambao wenyeji weupe hawakuwataka. Maofisa wao, ambao walikuwa Wazungu, walisema kwamba askari wote walikuwamo kambini. Baraza la mashtaka la Texas lenyewe halikumshitaki hata mmoja. Lakini maganda ya risasi za jeshi yaliokotwa barabarani, na kwa kuwa hakuna askari aliyekubali kumtaja mwenzake, ikasemwa kwamba wamekula njama ya kunyamaza. Haikuwafikia akili kwamba huenda mtu hamtaji mwenye kosa kwa sababu hamjui.

Mwezi Novemba mwaka ule Rais Theodore Roosevelt aliamuru askari 167 waachishwe bila heshima. Hapakuwa na mahakama. Amri ilitangazwa baada ya uchaguzi wa Kongresi kwisha, na watu wengi walitambua kwa nini ilingojewa, kwani Weusi waliokuwa na kura walikipigia chama cha Rais huyo. Askari wale walikatazwa kurudi jeshini maisha yao yote, na wakakatazwa hata kazi ya kiraia chini ya serikali. Baadhi yao walikuwa wametumika zaidi ya miaka 20 na walikuwa wakiikaribia pensheni. Seneta Joseph Foraker wa Ohio aliwatetea kwa bidii, na hatimaye askari 14 waliruhusiwa kujiandikisha upya. Waliobakia walikwenda na karatasi zao.

Ilipofika mwaka 1972, baada ya mwandishi John Weaver kuifufua habari ile katika kitabu chake na Mbunge Augustus Hawkins kuishikilia katika Kongresi, Jeshi lilifuta amri ya 1906 na kuwapa wote vyeti vya heshima. Walioweza kuvipokea kwa mikono yao walikuwa wachache mno. Mmoja wao alikuwa Dorsie Willis, mzee aliyevuka umri wa miaka 80, ambaye kwa miongo mingi alipata riziki yake kwa kupiga viatu rangi katika duka la kinyozi mjini Minneapolis. Mwaka 1973 Kongresi iliidhinisha alipwe dola 25,000. Akafariki mwaka 1977. Msomaji mwenye kupenda hesabu azigawe dola hizo kwa miaka iliyopita tangu 1906, kisha ajionee mwenyewe thamani ya kila mwaka mmoja wa jina la mtu.

Wengine wamesema kwamba Brownsville lilikuwa jambo la pekee, la Rais mmoja na hasira zake. Sisi hatukubaliani nao, kwa sababu kilichofuata kilikuwa cha watu wengi zaidi na hakikuwa na hasira ndani yake. Kilikuwa kazi ya kawaida ya ofisi. Katika Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilikuwa na cheti kilichochapishwa kwenye karatasi ya buluu. Kilikuwa si cha heshima wala si cha fedheha, na kamanda aliweza kumpa askari aliyeonekana hafai bila kumfikisha mahakamani. Kati ya Desemba 1941 na Juni 1945 Jeshi la nchi kavu lilitoa vyeti vya buluu 48,603. Katika hivyo, 10,806 walipewa askari Weusi. Yaani Weusi walikuwa asilimia 6.5 tu ya jeshi, lakini walibeba asilimia 22 ya karatasi za buluu. Askari Mweusi aliyekataa kukaa kiti cha nyuma ndani ya basi, au aliyemjibu ofisa aliyemtukana, alikuwa mtu wa kupewa karatasi hiyo kwa wepesi. Kundi jingine lililopewa kwa wingi lilikuwa la wanajeshi waliotuhumiwa uhusiano wa kimapenzi na watu wa jinsia yao.

Ubaya wa karatasi ile ulizidi kwa sababu ya wema uliokuja wakati mmoja nayo. Tarehe 22 Juni 1944 Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya kuwarejesha askari katika maisha ya kiraia, ile ijulikanayo kwa jina la G.I. Bill. Sheria hiyo iliwapa wapiganaji karo ya hadi dola 500 kwa mwaka, dhamana ya mikopo ya nyumba, mashamba na biashara, na kwa asiye na kazi dola 20 kwa juma hadi majuma 52. Kufikia 1956 watu wapatao milioni 7.8 walikuwa wamepata elimu au mafunzo kwa sheria hiyo. Watoto wa makabwela walioacha shule kwa umasikini waligeuka wahandisi na walimu. Ni nadra serikali yoyote kuwafanyia askari wake jambo kubwa kuliko hilo.

Sheria ilisema kwamba anayestahili ni yule ambaye hakuachishwa kwa fedheha. Mwenye cheti cha buluu hakuachishwa kwa fedheha, hilo liko wazi kwa mwenye kujua kusoma. Lakini Idara ya Wapiganaji wa Zamani iliitafsiri sheria kwa namna yake, na wenye buluu wengi wakakataliwa. Gazeti la Weusi la Pittsburgh Courier lilipaza sauti mwaka 1945, na mwaka 1946 kamati ya Baraza la Wawakilishi ilitoa taarifa iliyoulaani mtindo ule. Julai 1947 cheti cha buluu kikafutwa, na mahali pake pakawekwa zile daraja mbili, ya kawaida na ya asiyetakiwa. Rangi ya karatasi ilibadilika. Uwezo wa kamanda kumwandika mtu bila mahakama ulibaki vilevile.

Tuongeze hapa, kwa faida ya wanaodhani kwamba karatasi nzuri ingetosha, kwamba katika jimbo la Mississippi mwaka 1947 ilitolewa mikopo zaidi ya 3,000 yenye dhamana ya Idara hiyo, na miwili tu ndiyo iliyowafikia Weusi. Hao wengine walikuwa na vyeti vyao vya heshima vimekunjwa vizuri mifukoni.

Vita vya Vietnam viliipeleka habari hii mbali zaidi. Katika mwaka 1966 Waziri wa Ulinzi Robert McNamara alianzisha mpango wa kuwaandikisha vijana ambao zamani wangekataliwa kwa kushindwa mitihani ya akili. Waliingizwa zaidi ya 300,000, wengi wao masikini. Vijana hawa, na wengineo, walikaa mwaka mmoja vitani, kisha wakarudishwa katika kambi za nyumbani kumaliza miezi iliyosalia: kupiga deki, kusimama lindo lisilolinda kitu, kumpigia saluti luteni ambaye hajapata kusikia mlio wa risasi ya adui. Huko ndiko wengi walikoharibikiwa. Walikunywa, walitumia bangi na heroini, walitoroka kambini wiki mbili au miezi miwili. Usiku hawakulala. Daktari hakuwa na jina la kumwandikia mtu wa namna hiyo, kwani ugonjwa wa kiwewe cha vita haukuingizwa rasmi katika orodha ya magonjwa ya akili ya Marekani mpaka mwaka 1980. Kwa kuwa haukuwa na jina hospitalini, ulipewa jina na kamanda: utovu wa nidhamu.

Namna ilivyofanyika inafaa kuelezwa. Kijana wa miaka 19 au 20 aliyekabiliwa na mashtaka aliambiwa kwamba ana njia mbili: angoje mahakama ya kijeshi, pengine huku yumo mahabusu, au aombe mwenyewe kuachishwa kwa manufaa ya jeshi, atie sahihi leo na baada ya siku chache awe kwa mama yake. Aghlabu walitia sahihi. Wengi wao waliaminishwa kwamba karatasi mbaya hujigeuza nzuri yenyewe baada ya miezi sita. Huo ulikuwa uzushi mtupu. Hakuna karatasi iliyopata kujigeuza. Waliotoka katika enzi ya Vietnam na karatasi za aina tatu za chini walikadiriwa kufika 260,000. Kamati iliyoundwa na Wizara ya Ulinzi yenyewe ilieleza mwaka 1972 kwamba askari Weusi walipata vyeti vya heshima kwa uwiano mdogo kuliko weupe wa elimu ileile.

Hata aliyetoka na cheti kizuri hakuwa amesalimika. Juu ya fomu palichapishwa tarakimu za siri zilizoeleza sababu ya kuachishwa: huyu mtukutu, huyu akili yake haikutulia, huyu hakuweza kuelewana na wakubwa. Askari hakujua maana yake. Baadhi ya waajiri walikuwa na orodha ya kuzisomea, wakawa wanamkataa mtu huku wanatabasamu, naye akirudi nyumbani hajui amekosa nini. Serikali iliacha kuziandika katika nakala za askari mwaka 1974, baada ya siri kuvuja.

Rais Jimmy Carter alijaribu kuponya jeraha hilo. Mwaka 1977 alianzisha mpango maalumu wa kuzitazama upya karatasi za enzi ya Vietnam, na maelfu walibadilishiwa. Lakini Oktoba mwaka uleule Kongresi ilitunga sheria kwamba karatasi iliyobadilishwa kwa mpango huo haimpi mtu mafao mpaka kesi yake ipimwe mara ya pili kwa kanuni za kawaida. Mtu akawa na cheti kizuri cha kutundika ukutani, na dirisha la malipo bado limefungwa.

Ipo njia ya kudumu ya kudai marekebisho, na hatutaki msomaji adhani haipo. Kila tawi la jeshi lina bodi ya kupitia namna watu walivyoachishwa, na mtu ana miaka 15 ya kuiendea. Ukipita muda huo, iko bodi nyingine ya kusahihisha kumbukumbu, ambayo kanuni yake ni miaka mitatu tangu kosa kujulikana, ingawa inaweza kusamehe ucheleweshaji. Taabu ni kwamba bodi hizo huanza kwa kudhania kwamba jeshi lilifanya sawa, na mzigo wa ushahidi humwangukia mwombaji. Yeye ndiye atafute shahidi wa miaka 30 iliyopita, yeye ndiye atafute daktari, yeye ndiye aandike maelezo ya kisheria, na pengine huyo analala chini ya daraja. Na mafaili nayo yana ajali zake. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza ghala la kumbukumbu za jeshi katika mji wa St. Louis na kuteketeza mafaili baina ya milioni 16 na 18, ikiwa ni pamoja na kiasi cha asilimia 80 ya yale ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya 1912 na 1960. Hapakuwa na nakala.

Mtu angetaraji kwamba baada ya mafunzo yote hayo, na baada ya ugonjwa kupata jina, mambo yangekuwa mepesi kwa waliopigana Afghanistan na Iraq. Hesabu zasema kinyume. Taarifa ya wanasheria wa wapiganaji iliyotolewa mwaka 2016 ilionyesha kwamba katika waliotoka jeshini baada ya 2001, asilimia 6.5 walikuwa nje ya mlango wa Idara, ilhali katika enzi ya Vietnam walikuwa asilimia 2.8 na katika Vita Kuu ya Pili asilimia 1.7. Mwaka uliofuata ofisi ya ukaguzi ya Kongresi ilitazama mafaili ya askari 91,764 walioachishwa kwa utovu wa nidhamu kati ya 2011 na 2015. Ikaona kwamba asilimia 62 kati yao walikuwa wamepimwa na madaktari wa jeshi hilohilo, ndani ya miaka miwili kabla ya kuachishwa, wakakutwa na kiwewe cha vita, au majeraha ya ubongo, au maradhi mengine ya namna hiyo. Daktari ameandika katika faili moja kwamba huyu ni mgonjwa. Kamanda ameandika katika faili jingine kwamba huyu ni mkosaji. Faili la pili ndilo lililomfuata nyumbani.

Tungependa ndugu zetu maofisa wa serikali waisome vizuri sehemu hii, kwani wao ndio wanaokaa nyuma ya madirisha. Mwenye karatasi ya daraja ya tatu ana haki ya kuomba kwamba Idara imchunguze kabla ya kumkataa. Lakini wengi wao, wakifika hospitalini na kuitoa fomu, waliambiwa palepale na karani kwamba hawastahili, basi wakaondoka. Ombi halikuandikwa, kwa hiyo halikukataliwa. Na kwa kuwa halikukataliwa, hapakuwa na cha kukatia rufaa. Karani hakuvunja sheria kwa ukatili. Pengine alikuwa na foleni ndefu, na kisanduku kilimtosha. Nasi hatuna haja ya kuvuka bahari ili kumwona karani wa namna hiyo.

Mabadiliko yamekuja, nayo hayakuja bila kudaiwa. Mwezi Machi 2014 wapiganaji wa Vietnam walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho huko Connecticut, na tarehe 3 Septemba mwaka ule Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel aliziagiza bodi ziutazame kwa huruma ushahidi wa kiwewe cha vita, hata kama haukuandikwa wakati ule. Julai 2017 Idara ilianza kuwapokea wenye karatasi ya daraja ya tatu kwa matibabu ya dharura ya akili, kwa muda wa hadi siku 90. Ilikubali hivyo kwa kuwa wapiganaji wa zamani walikuwa wakijiua. Juni 2024 kanuni za Idara zililegezwa tena, ili hali ya mtu na mambo yaliyomsibu yapimwe pamoja na kosa lake. Hizi ni hatua za kweli. Lakini kila moja inasubiri mtu aliyekwisha kuumia aje aombe. Mwenye kuandika neno ndani ya kisanduku hajaongezewa dhima kubwa ya kuuliza kwanza.

Na wapo wasioweza tena kuomba. Tarehe 23 Agosti 1917, katika mji wa Houston, askari Weusi wa Kikosi cha 24, baada ya kudhalilishwa na polisi wa mji, walitoka kambini na silaha, na watu kadhaa wakauawa. Katika kesi ya kwanza askari 63 walihukumiwa kwa pamoja, wakiwa na mtetezi mmoja, na 13 kati yao wakanyongwa alfajiri ya tarehe 11 Desemba kabla ya rufaa yoyote. Wote walionyongwa walifika 19. Novemba 2023 Jeshi lilifuta hukumu za askari 110, likasema kwamba hawakutendewa haki, na likaamuru kumbukumbu zao ziandikwe kwamba walitoka kwa heshima. Kisha likawatangazia jamaa zao kwamba huenda wana mafao wanayostahili, na kwamba wajaze fomu, waambatanishe na hati za kuthibitisha kuwa marehemu ni wa kwao.

Kumi na saba kati ya wale walionyongwa wamezikwa katika makaburi ya taifa ya Fort Sam Houston, San Antonio. Kwa zaidi ya miaka 100 mawe yao yalikuwa na jina na tarehe ya kufa tu, wakati ya askari wengine waliolala jirani yao yanataja cheo, kikosi na jimbo alikotoka mtu. Februari 2024 Idara iliyang'oa mawe yale na kusimamisha mapya, yenye maandishi kama ya wengine.